Mkoromo wa Ataa Nortey

Marehemu alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mkono mmoja ukining'inia nje ya kitanda. Hapakuwa na damu, wala dalili ya purukushani. Mlango haukuvunjwa. Kwenye msumari juu ya mto ilitundikwa barakoa ya plastiki yenye mpira mrefu, na mpira ule ulishuka hadi kwenye mashine ndogo ya kijivu iliyokaa juu ya stuli. Taa ya mashine ilikuwa inawaka kijani. Ilikuwa tayari kwa kazi, ila mwenyewe hakuwa ameivaa.

Inspekta Odarkwei alisimama mlangoni kwa muda kabla ya kuingia. Alimjua yule mzee. Nani wa mtaa huu wa Bukom, Accra, asingemjua Ataa Nortey, yaani Mzee Nortey? Alikuwa bondia enzi ambazo watu walikuja kutoka Lagos na Abidjan kumtazama akipigana, na alikuwa na pua iliyovunjwa mara tatu, na shingo nene ambayo haikupata kola ya kuitosha. Lakini watoto wa mtaa hawakumjulia ngumi. Walimjulia mkoromo.

Odarkwei alipokuwa mdogo alilala na mama yake katika nyumba ya wanawake, ng'ambo ya uchochoro, kwani kwa desturi ya pale mume na mke hulala nyumba tofauti. Kila usiku mkoromo wa Nortey uliruka ukuta wa nyumba ya wanaume ukawafikia pale mkekani. Watoto waliuita Treni ya Kumasi. Mama yake alikuwa akisema, "Lala, mwanangu, treni imeshaondoka stesheni." Naye alilala kweli. Sasa mama hayupo, mkeka haupo, na dereva wa treni ndiye huyu hapa, amepoa.

"Bosi, tuanze?" aliuliza Konstebo Dzifa, kijana wa kike kutoka mkoa wa Volta, mwenye macho makali na subira ndogo.

"Tuanze. Piga picha kila kitu kabla hakijaguswa."

Saa yake ya mkononi ilionyesha saa mbili na nusu asubuhi. Kando ya kitanda kulikuwa na saa ya umeme, ya namna zile ambazo umeme ukikatika hupoteza akili, na ukirudi huanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Ilikuwa inapepesa tarakimu zake nyekundu. Kwa hesabu yake, ulikuwa umepita muda wa saa mbili na nusu tangu umeme urudi. Maana yake umeme ulirudi saa kumi na mbili asubuhi. Inspekta aliandika hilo kwenye daftari lake bila kujua bado litamsaidia nini.

Uani walikuwa wanangoja watu wachache, wote wakisema kwa sauti za chini. Ulikuwa mwezi wa ukimya, ule wa kabla ya sikukuu ya Homowo, ambapo mji mkongwe wote huachiwa miungu ili ipumzike. Hakuna ngoma, hakuna vipaza sauti, hakuna matanga. Hata kilio cha msiba hakina ruhusa. Aliyefiwa mwezi huu hulia ndani kwa ndani.

Mkuu wa ukoo, Ataa Ayikwei, alimvuta Inspekta pembeni kwa mkono.

"Huna haja ya kuhangaika, mwanangu. Mhusika tunaye."

"Nani?"

"Mkewe. Jana jioni alimletea ugali wa kenke na samaki. Asubuhi, maiti. Ongeza mwenyewe."

"Mke kumletea mume chakula, Ataa, ndiyo kazi ya jioni zote za mtaa huu."

"Aliichukia ile mashine. Aliwatangazia watu kwamba siku hizi ameolewa na tembo."

"Kumtania mume si kosa la jinai."

"Kikulacho ki nguoni mwako, Inspekta. Nimeshasema, Tsotsoo havai nguo ya ujane. Jumapili ukoo unakaa. Kama mpaka hapo hujatuletea jambo jingine, anarudi kwao, na mazishini hataonekana."

Inspekta alimtazama yule mama. Awo Tsotsoo, yaani Mama Tsotsoo, alikuwa amekaa peke yake kwenye kigoda karibu na mlango wa uchochoroni, na khanga yake ya kawaida ya kazini. Hakuna aliyemkaribia. Alikuwa ameolewa miaka arobaini na sita. Kwa desturi ya pale, mke asiyefungwa nguo nyeusi na ukoo wa mumewe si mjane. Ni mtu baki tu aliyewahi kupita. Machozi hayakumtoka, na watu walikuwa wameshaanza kusema, tazama, hata chozi hana, kana kwamba walisahau ni mwezi gani.

*

Nyumba ile zamani ilikuwa na wanaume ishirini. Wengine walikufa, wengine walihamia mitaa mipya yenye mageti, wakawa wanarudi siku ya sikukuu tu kula na kupiga picha. Walibaki wawili, Nortey na Tawia. Chumba cha Tawia kilitenganishwa na cha Nortey kwa ukuta wa mbao.

Ataa Tawia ndiye aliyeukuta mwili. Enzi za ulingo alikuwa msaidizi wa kona wa Nortey, yule anayeruka na ndoo na taulo kila kengele ikilia. Alikuwa mwembamba, na alimkaribisha Inspekta kitandani pake, kwa kuwa kiti hakikuwapo.

"Ulimkuta saa ngapi, Ataa?"

"Saa moja. Niliona hajatoka kupiga mswaki."

"Mlango?"

"Hatufungi. Tumfungie nani?"

"Usiku ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Hata yeye kukoroma?"

"Tangu mashine ije hakoromi. Ni upepo tu."

Inspekta aliinua macho. Ukutani kulikuwa na picha ya zamani, rangi zimekuwa za chai. Nortey kijana, jicho moja limefumba, na Tawia kamkumbatia kiuno.

"Lagos," alisema Tawia, na uso wake ukafunguka. "Raundi ya nane. Alikuwa amelala amesimama, nakwambia. Anapigana huku amelala. Nikamwagia ndoo nzima ya maji, nikamzaba kofi, nikamwambia, Nortey, pumua. Raundi ya tisa alimwangusha yule mtu kama gunia la mahindi."

"Baba yangu alituhadithia."

"Baba yako alikuwapo. Alipoteza kofia." Akacheka peke yake. "Na tulipoacha ngumi kazi yangu haikwisha. Unajua alivyokuwa analala. Anakoroma, anapanda, anapanda, halafu ghafla, kimya. Pumzi imekata. Unahesabu moja, mbili, mpaka kumi na tano. Mimi nachukua fimbo yangu nagonga mbao hizi. Anashtuka, anavuta hewa, safari inaendelea. Miaka thelathini nimegonga."

"Na sasa?"

"Binti yake yuko Uingereza, akagharimia madaktari, wakampa mashine ya kumsukumia hewa. Mwezi wa kumi mwaka jana." Tawia alitazama mikono yake. "Kifaa kizuri. Alikuwa haangushwi tena na usingizi mchana kwenye mchezo wa dama. Shinikizo la damu lilishuka. Kifaa kizuri sana."

Inspekta alimshukuru akaondoka. Alipofika nje aligundua kwamba alikuwa amekaa nusu saa akisikiliza habari za Lagos, na kwenye daftari alikuwa ameandika mistari miwili tu.

*

Alhamisi alimhoji Awo Tsotsoo kituoni. Alimpa chai. Mama hakuinywa.

"Ni kweli uliichukia mashine?"

"Niliicheka. Kuna tofauti. Mtu akivaa kitu kile usoni na wewe ni mkewe, usipocheka utalia."

"Alikuwa anaivaa kila usiku?"

"Hata akijinyoosha alasiri. Daktari alimtisha. Alimwambia moyo wake umekuwa mkubwa kama wa ng'ombe kwa kufanya kazi usiku kucha bila hewa. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naijaza maji jioni."

"Juzi uliijaza?"

"Niliijaza. Hatukumaliza hata kula, umeme ukakatika."

Konstebo Dzifa aliacha kuandika. Inspekta alisogea mbele.

"Saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Nortey akasema, haya, dumsor imekuja kusalimia. Akaniambia niondoke mapema nisije nikajikwaa uani. Nikabeba vyombo vyangu nikaenda."

"Ng'ambo, kwenu, kulikuwa na umeme?"

"Ulikuwapo. Lakini si ndivyo ulivyo? Upande huu unazimika, ule unawaka, kesho mnabadilishana. Siku hizi nani anauliza?"

Hakuna anayeuliza kweli. Watu wa Accra wamezoea dumsor, zima-washa ile, mpaka giza likiingia wanatafuta mshumaa kabla ya kutafuta sababu. Inspekta alipiga mhuri maelezo ya mama, akamfungulia mlango. Mama alisimama kizingitini.

"Mwanangu, mimi ninakujua toka ukiwa mtoto. Sikuulizi umegundua nini. Nakuomba kitu kimoja tu. Nataka kumzika mume wangu nikiwa mkewe."

"Nimesikia, Mama."

Alipokwenda, Dzifa alifunga daftari.

"Basi kesi imekwisha, bosi. Umeme ulikatika, mashine ikazima, pumzi ya mzee ikakatika. Kifo cha kawaida. Tuwaambie ukoo wamwache mama wa watu."

"Wewe mtu wa Volta, ukoo wa Waga wa hapa Accra huujui. Nikiwaambia ni giza limemuua, watasema na giza lile kalileta Tsotsoo."

Alisema kwa utani, lakini sentensi yake mwenyewe ilimkaa kichwani. Giza lile lililetwa na nani? Akachukua kofia.

Ukuta kwa ukuta na nyumba ya wanaume, upande uleule wa uchochoro, waya uleule, aliishi Lamiley, muuza maji baridi. Alikuwa na friji mbili barazani na ulimi usiolala.

"Jumanne usiku umeme ulikatika saa ngapi hapa?" aliuliza Inspekta.

"Kwangu? Haukukatika. Ungekatika ningekuwa nimepata hasara ya barafu, ungenisikia mpaka kituoni, mwezi wa ukimya au usiwe."

"Una hakika?"

"Mwanaume, mimi nahesabu dumsor kama wenzangu wanavyohesabu watoto wao. Wiki nzima haijaja." Alimpa mfuko wa maji, akaongeza, "Na siku hiyo nililala vizuri, kwa sababu nilimsikia mzee."

"Mzee gani?"

"Nortey. Anakoroma kama zamani. Nikamwambia mume wangu, sikiliza, Treni ya Kumasi imetengenezwa. Tukacheka. Masikini, kumbe alikuwa anaaga."

Inspekta alikunywa maji yote bila kuonja. Ukuta wa Lamiley ni wa tofali. Wa Tawia ni wa mbao.

*

Sanduku la fyuzi lilikuwa barazani mwa nyumba ya wanaume, juu ya mtungi wa maji. Mlango wake haukuwa na kufuli. Dzifa alipanda kwenye kigoda na tochi.

"Vumbi la karne," alisema. "Isipokuwa hii moja. Fyuzi kuu. Imepanguswa na vidole."

"Toa alama. Usiipumulie."

Alama zilitoka safi, kidole gumba na cha shahada. Ziliondoka jioni hiyohiyo kwenda maabara, pamoja na alama za kila aliyekuwa na njia ya kuingia pale: Tsotsoo, Lamiley, Ayikwei, Tawia. Inspekta alimchukua Tawia alama kwa mkono wake mwenyewe, akimkandamiza kidole kimoja kimoja kwenye wino, na mzee hakuuliza za nini.

Ijumaa Daktari Asabea alimpokea kwenye ofisi yake ya hospitali, nyuma ya chumba cha maiti. Alikuwa mama mfupi asiyependa kuzunguka.

"Sumu hakuna. Kenke, samaki, pilipili, basi. Mwambie huyo mkuu wa ukoo aache kuharibia watu majina."

"Amekufa kwa nini?"

"Moyo. Umekuwa mkubwa, kuta zake nene. Sikiliza, Inspekta. Mtu anayekoroma namna ile, koo lake linajifunga usingizini. Pumzi inakatika, hewa kwenye damu inashuka, ubongo unamshtua aamke kidogo, anavuta, analala tena. Mara mia mbili kwa usiku mmoja. Asubuhi anasema nimelala kwa saa nane, kumbe hajalala hata moja. Fanya hivyo miaka thelathini, shinikizo la damu linapanda, moyo unachoka, kiharusi kinapiga hodi. Watu wanacheka, wanasema mzee amelala fofofo. Halali yule. Anakabwa."

"Lakini usiku mmoja bila mashine?"

"Usiku mmoja kwa kawaida hauui. Wengi huikosa siku mbili tatu wakaamka salama. Ila huyu moyo wake ulikuwa umeshakopa sana, na usiku ule alikuwa na pombe kwenye damu. Si nyingi, glasi moja hivi ya kali. Pombe inalegeza koo. Nilimkataza mbele ya watu wawili, mkewe na yule rafiki yake mwembamba."

"Mashine yenyewe?"

"Kadi yake nimeisoma. Tangu Oktoba hajakosa usiku hata mmoja. Jumanne, sifuri." Daktari alivua miwani, akamtazama shingoni. "Na wewe kola hiyo inakubana. Unakoroma?"

"Mke wangu anasema."

"Anasema au amehama chumba?"

Inspekta alilegeza kifungo cha kola.

"Mchana unasinzia?"

"Kazi ni nyingi, Daktari."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumatatu uje upimwe. Siyo ombi."

Akiwa njiani kurudi alimkumbuka baba yake, aliyekufa kitandani asubuhi moja akiwa na miaka hamsini na mbili, na watu wote wakamsifu kwamba amekufa kifo chema, cha usingizini. Inspekta alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alisimamisha gari kando ya barabara, akampigia mkewe, akamwambia Jumatatu asimpangie jambo.

*

Majibu ya maabara yalikuja Jumamosi saa sita. Alisoma mstari mmoja, akaurudia mpaka Dzifa akamuuliza kama anaumwa.

"Mwite Awo Tsotsoo," alisema. "Na Ataa Ayikwei. Wote waje uani kwenye nyumba ya wanaume."

Tawia alikuwa amekaa kwenye benchi barazani, chini ya sanduku la fyuzi. Tsotsoo alibaki kwenye kigoda chake karibu na mlango. Ayikwei alisimama na bakora yake katikati. Inspekta hakusimama mbele ya Tawia. Alikaa benchi moja naye, bega kwa bega.

"Ataa, nitakuuliza taratibu."

"Uliza."

"Uliniambia usiku ule hukusikia kitu."

"Nilisema."

"Lamiley, nyuma ya tofali, alimsikia Nortey akikoroma."

Tawia aliinama akatazama miguu yake.

"Umeme kwa Lamiley haukukatika. Ulikatika nyumba hii peke yake. Ukarudi saa kumi na mbili asubuhi, saa nzima kabla hujatuita. Fyuzi kuu ina alama za vidole vya mtu mmoja."

"Vyangu."

"Vyako. Na ile glasi ya pombe kali, akpeteshie?"

"Yangu pia. Akinywa hukoroma vizuri zaidi."

Ayikwei alifungua mdomo. Inspekta alimwinulia mkono, naye akafunga mdomo.

"Kwa nini, Ataa?"

Mzee alivuta pumzi. Alipoanza kusema, alisema polepole, akiuangalia uwanja mtupu.

"Nyumba hii ilikuwa na watu ishirini. Unakumbuka? Wewe ulikuwa mtoto. Saa ya kula huwezi kusikia sauti yako. Wameondoka mmoja mmoja, nikasema haidhuru, Nortey yupo. Usiku nikilala namsikia, najua sijabaki peke yangu duniani. Na mwezi huu wa ukimya ndio ulikuwa wake. Mji wote umenyamaza, ngoma zimefunikwa, makanisa yanaimba kwa kunong'ona, yeye peke yake anapiga. Vijana wanaolinda marufuku walikuwa wanapita dirishani, wanacheka, wanaenda zao. Nani atamkamata mtu aliyelala?"

"Halafu mashine ikaja."

"Ikaja. Naye akanyamaza. Miezi minane nimelala nasikiliza ule upepo. Ssss. Kama mtu ananiambia mimi ninyamaze. Usingizi ukanikimbia. Mwezi huu ulipoingia nikaona sitaufikisha mwisho. Nikasema, usiku mmoja tu. Nimsikie usiku mmoja, kesho narudisha fyuzi."

"Daktari alimkataza pombe mbele yako. Ulijua ni hatari."

"Nilijua kuliko wote. Ndiyo maana nilikaa kitandani na fimbo mkononi. Miaka thelathini nimemgongea, hajawahi kunifia. Kazi yangu ile, mwanangu. Nilikuwa naijua."

"Ikawaje?"

"Akaanza taratibu. Akapanda. Akakatika, nikagonga, akavuta. Kama zamani. Akakatika tena, nikagonga. Nikaanza kuona vitu. Nikaiona Lagos, nikamwona baba yako anatafuta kofia yake. Nikawaona wote humu uani, na vijiko vyao." Midomo yake ilianza kucheza. "Nikalala. Mimi, ambaye sijalala tangu Oktoba. Nililala kama mtoto aliyeshiba. Nilipofumbua macho kumeshapambazuka, na kimya. Nikafurahi kwanza, nikadhani ameamka akavaa kitu chake. Halafu nikaikuta fyuzi mfukoni."

Konstebo Dzifa, ambaye hakumjua Nortey wala Lagos, alijifuta pua kwa mgongo wa mkono.

Inspekta alisimama. Alilazimika kulitaja kosa, kwa hiyo alilitaja kama lilivyoandikwa.

"Ataa Tawia, ninakukamata kwa kosa la kuua bila kukusudia, na kwa kuharibu ushahidi. Utapelekwa mbele ya hakimu Jumatatu. Una haki ya wakili."

"Sina la kumwambia wakili."

Ayikwei alikuwa ameanza kumgeukia Tsotsoo, na sauti yake mpya laini, sauti ya mtu anayetafuta njia ya kurudi alikotoka. "Mke wetu, unajua, ukoo hauna nia mbaya, tulikuwa tu..."

Tsotsoo alimpita. Alikuja mpaka kwenye benchi, akasimama mbele ya Tawia.

"Alikoroma muda gani?"

"Sijui, dada yangu. Nilipolala alikuwa bado anaendelea."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

Mama alitikisa kichwa, akikubali. "Nilikuwa natoka usiku nasimama uchochoroni. Miezi minane. Namwambia kila mtu nimeolewa na tembo, halafu nasimama gizani kusikiliza kama tembo atakosea alie kidogo. Sisikii kitu, narudi kulala. Kumbe tulikuwa wawili." Alikunja mikono kifuani. "Usiku ule nakusamehe, Tawia. Mbele ya hawa, nakusamehe."

Mzee aliinua uso, na kwa mara ya kwanza machozi yakamtoka.

"Ngoja," alisema Tsotsoo. "Alhamisi nilikuja mlangoni kwako. Nilikuuliza kama Nortey alisema neno lolote usiku, kama alilitaja jina langu. Ukanipa maji. Ukanitazama nikinywa, nikashukuru. Ulikuwa unajua wananiita mchawi. Ulikuwa unajua Jumapili watanifukuza. Ulikuwa na neno moja tu la kusema, ukaliweka mfukoni kama ulivyoiweka fyuzi. Siku nne. Hizo siku nne, Tawia, sikusamehe."

Aligeuka. "Ataa Ayikwei, nguo yangu."

Mkuu wa ukoo aliingia ndani mbiombio, akatoka na kitambaa cheusi kilichokunjwa, akakitoa kwa mikono miwili. Wanawake wawili wa ukoo walisogea kumsaidia kujifunga, kama desturi inavyotaka. Tsotsoo aliwakataza kwa kichwa. Inspekta alimshika Tawia mkono, chini ya kiwiko, wakabaki wamesimama pale barazani mpaka mjane alipomaliza kujifunga mwenyewe, fundo la mwisho, ndipo wakatoka.